Je, wajua joto la chuma kilichoyeyuka hupimwa kwa bomba la karatasi?

Kijana mmoja wa mkokoteni wa vyuma chakavu pale Ngamiani, Tanga, alinisimamisha. "Shikamoo mjomba. Hivi huko vinakoenda kuyeyushwa, wanajuaje kama uji wa chuma umeiva? Wanauonja?"

Kuuonja hapana, ila kuuchovya ndiyo.

Kipimajoto cha zebaki hakifai, maana zebaki huchemka kwa nyuzi 357 tu za Selsiasi, na uji wa chuma cha pua huwa karibu nyuzi 1,600. Mhunzi hutazama rangi, na jicho lake zoefu linamtosha kufua jembe. Kiwandani halitoshi: uji ukipoa kidogo huganda kwenye tundu la kumiminia, ukizidi moto hula matofali ya tanuri. Vipo vyombo vya kusoma mwanga kwa mbali, lakini juu ya uji huelea mavi ya chuma, na chombo huishia kupima hayo mavi.

Basi huchukuliwa fimbo ndefu ya chuma, ikavishwa bomba nene la karatasi ngumu, jamii ya boksi. Nchani pana kikofia chembamba cha bati. Kikishapenya mavi huyeyuka, na kuacha wazi kibomba kidogo cha kioo cha silika. Humo mna nyaya mbili nyembamba kama unywele zilizounganishwa: mmoja wa platini tupu, metali ya thamani kama dhahabu, mwingine wa platini iliyotiwa rodiamu, metali ya jamii yake.

Metali mbili tofauti zikiungwa, kiungo kikawa motoni na ncha nyingine zikabaki kwenye ubaridi, huzuka umeme kidogo. Mjerumani Thomas Seebeck aliligundua jambo hilo mwaka 1821, ingawa yeye alidhani ni sumaku. Kwa nyuzi 1,600, nyaya zenye rodiamu asilimia 10 hutoa milivolti 17 hivi. Betri moja ya redio hutoa 1,500. Kidogo hicho ndicho mashine hukigeuza kuwa nyuzi.

Na karatasi je? Inaungua, tena vizuri tu! Ila huungua kuanzia nje kwenda ndani, na kipimo kinahitaji sekunde chache tu. Ncha hutumika mara moja, ikatupwa. Hata platini yenyewe, inayoyeyuka kwa nyuzi 1,768, haiko mbali sana na kuyeyuka mle.

Kijana alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na hiyo platini, mjomba, kilo wananunua shilingi ngapi?"