Bastola kongwe ya chuma katika hewa ya Tanga: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu bastola za zamani ni kwamba maji hayapaswi kabisa kugusa chuma cha silaha, na kwamba mafuta yakipakwa kwa wingi yanatosha kuilinda. Ukweli ni kwamba adui mkubwa ni chumvi, na chumvi haiyeyuki katika mafuta. Risasi nyingi za zamani, hasa za akiba za kijeshi, zilikuwa na fataki (kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) zenye potasiamu klorati, ambayo ikiungua huacha potasiamu kloridi ndani ya mtutu na katika vyumba vya silinda, ile ngoma inayozunguka na kushika risasi. Masalio hayo yana tabia zilezile za chumvi ya mezani, nayo huvuta unyevu hewani hadi chuma kikaliwa na kutu. Anayemimina mafuta juu yake anaifunika chumvi, haiondoi.

Kwa hiyo bastola kama Webley Mk VI, iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1915, ikishafyatua risasi za namna hiyo husafishwa kwanza kwa maji ya moto. Silinda ikiwa tupu, kila chumba kikiwa kimekaguliwa kwenye mwanga na risasi zote zikiwa zimeondolewa mahali pa kazi, maji hupitishwa katika mtutu na vyumba vyote, brashi hufuata, kisha chuma hukaushwa hadi kwenye mianya kikiwa bado kina joto, na ndipo mafuta mepesi ya silaha hupakwa, utando mwembamba usioweza kutiririka.

Wapo pia wanaoamini kwamba bastola iliyokaa tu kabatini haipati kutu. Upepo wa bahari huingiza chembe za chumvi hadi ndani ya nyumba za Ras Kazone, na chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapofika takriban asilimia 75, kiwango ambacho hewa ya masika hapa pwani hukipita mara nyingi. Jasho la mkono nalo lina chumvi: silaha ikishikwa na kurudishwa bila kufutwa, alama ya kidole hujitokeza kwa rangi ya hudhurungi, mistari ya ngozi ikisomeka kabisa. Mkoba wa ngozi, ambao wengi huuona kuwa ndio hifadhi bora, hunyonya unyevu huo na kuukandamiza juu ya chuma. Ni wa kubebea, si wa kuhifadhia. Mafuta ya nazi, tunayoyaamini kwa mengi na kwa haki, hayafai hapa, kwa kuwa huchacha, hunata na kukusanya vumbi katika mitambo ya ndani.

Kosa linaloniuma zaidi ni la msasa. Watu hudhani rangi ile ya bluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi ni rangi ya kupaka, kumbe ni oksidi ya chuma iliyooteshwa juu ya chuma chenyewe kiwandani. Msasa na stilwaya huikwangua pamoja na kutu, na hufifisha namba ya silaha, ambayo kisheria ndiyo utambulisho wake na haiguswi. Kutu ya juujuu hulowekwa kwa mafuta, kisha husuguliwa taratibu kwa nyuzi za shaba, ambayo ni laini kuliko chuma cha bastola.

Bisibisi ya kawaida yenye ncha iliyochongoka huharibu skrubu. Inayotakiwa ni yenye ncha bapa inayojaza mfuo wote. Kufunga silinda inayofungukia pembeni kwa kuirusha kwa kiganja hupinda kipande cha chuma kinachoishikilia.

Mwisho kuna imani kwamba silinda inayocheza hurekebishwa kwa tupa na springi mpya. Si jambo la kujaribia nyumbani. Nyundo inapovutwa polepole, silinda lazima iwe imejifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Isipojifunga, chumba hakilingani na mtutu, na risasi hugonga ukingo wa mtutu na kurusha vipande vya metali pembeni. Bastola ya namna hiyo haipigwi tena mpaka ipimwe na fundi wa silaha mwenye leseni.