Logi za seva kwenye kivinjari: yanayosemwa na yaliyo kweli

Hapa Kisumu na viungani mwake, fundi mmoja mara nyingi hutunza seva za ofisi kadhaa: Sacco yenye tawi Ahero, kliniki Bondo, shule Maseno. Hawezi kupanda matatu kila programu inapokwama. Ndiyo maana wengi wamependa systemd-journal-gatewayd, huduma ndogo ya Linux inayotoa logi za mfumo (kumbukumbu za matukio ya mashine) kwa HTTP, njia ya kurasa za wavuti, kupitia poti 19531. Ukifungua anwani ya seva kwenye kivinjari, unazisoma ukiwa Milimani. Chombo ni kizuri. Kinachonisumbua ni mambo ambayo mafundi huambiana kukihusu.

“Lazima kwanza uweke Apache au Nginx.”

Hapana. Hizo ni seva za wavuti, na huduma hii ina yake ndani. Kwenye Debian na Ubuntu imo katika kifurushi cha systemd-journal-remote, na huamka yenyewe ombi la kwanza linapofika kwenye soketi, yaani mlango wake wa mtandao.

“Ni logi tu, hakuna siri humo.”

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote. Mtu akiingia kwa haraka kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, akaandika nenosiri mahali pa jina, seva huandika kwamba mtumiaji huyo hajulikani, na “jina” lenyewe, yaani nenosiri, hubaki kwenye logi. Sudo, programu ya kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, nayo huandika amri nzima iliyotumika. Fundi akiwa ameweka nenosiri la hifadhidata ndani ya amri hiyo, limeandikwa pia. Tena ukiomba logi kwa JSON, muundo wa data wa kusomwa na programu, hupati ujumbe peke yake. Kila ingizo huja na sehemu zake zote, ikiwemo _CMDLINE inayoonyesha jinsi programu ilivyoanzishwa, herufi kwa herufi.

Kuna majina ya wafanyakazi pia, anwani za IP, na saa ambazo kila mmoja aliingia. Kwa Kenya hilo si jambo dogo: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za mtu anayeweza kutambulika kuwa data binafsi. Zikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72.

“Asiye na ruhusa kwenye seva hawezi kuzisoma.”

Kwa journalctl, amri ya kusoma logi ukiwa kwenye seva yenyewe, ni kweli: mtumiaji wa kawaida haoni logi za mfumo mpaka awe kwenye kundi kama systemd-journal au adm. Lakini gatewayd yenyewe imo katika kundi hilo, na ikiwa kama ilivyosakinishwa haimuulizi mtu jina wala nenosiri. Tena husikiliza kwenye anwani zote za mashine, si ya ndani peke yake. Yeyote aliye kwenye Wi-Fi ileile ya ofisi, hata mgeni aliyepewa nenosiri akingoja kuhudumiwa, anaweza kusoma kila kitu.

Wengine hudhani kuweka cheti cha kusimba mawasiliano kwa --cert na --key kunamaliza kazi. Hapo umezuia watu kuchungulia njiani, lakini mlango bado uko wazi kwa anayebisha. Kinachomtaka msomaji naye aje na cheti ni --trust. Ninachopendekeza mimi ni rahisi zaidi: hariri systemd-journal-gatewayd.socket, futa ListenStream ya awali (anwani inayosikilizwa) kwa kuiacha tupu, kisha andika ListenStream=127.0.0.1:19531, ambayo ni anwani ya ndani ya mashine. Halafu pita kwa SSH: `ssh -L 19531:localhost:19531` pamoja na jina la seva yako. Jua tu kwamba yeyote mwenye akaunti kwenye mashine hiyo bado ataweza kuzisoma.

“Mtu ataweza kuzifuta kutoka mbali.”

Hawezi. Gatewayd husoma tu.

“Itamaliza bando.”

Ukiomba /entries bila masharti, ndiyo, itakumwagia logi zote tangu ya kwanza kabisa. Omba unachohitaji: `/entries?boot&_SYSTEMD_UNIT=mariadb.service` huleta za MariaDB, programu ya hifadhidata, pekee tangu mashine iwake. Ukiongeza `follow`, zitaendelea kuja kadiri zinavyoandikwa.

“Zikisomeka kutoka mbali, basi ziko salama.”

Hapa stima ndiyo mwalimu. Gatewayd haihifadhi nakala popote, bali husoma faili zilizo kwenye seva ileile. Journald, huduma inayoandika logi hizo, ikiwa kwenye mpangilio wa Storage=auto na saraka ya /var/log/journal haipo, logi hukaa /run/log/journal, ambayo ni RAM, na stima ikipotea zote zimekwenda. Hata saraka ikiwepo, journald husukuma data hadi diski kila dakika 5, isipokuwa ujumbe wa hatari wa ngazi tatu za juu, ambao hufanya logi zisukumwe papo hapo. Kwa hiyo dakika za mwisho kabla ya giza, ambazo ndizo unazozitafuta, zinaweza kukosekana.

Anayetaka nakala mahali pengine atumie systemd-journal-upload kwenye seva ya tawi na systemd-journal-remote kwenye mashine inayopokea, poti 19532. Huduma ya upload huandika ilipofikia, hivyo mtandao wa Bondo ukikatika na kurudi, inaendelea kutoka pale ilipoachia.