Baba wa Bibi Harusi Hatoi Mahari

Juzi nimekutana nalo tena kosa lile, safari hii katika tafsiri iliyochapwa vizuri kabisa: mfanyabiashara wa London "alimlipia binti yake mahari kubwa" ili aolewe na mtu wa heshima. Habari yenyewe ni ya Uingereza ya enzi za Tudor, 1485 hadi 1603. Msomaji anayejua posa ilivyo atarudia sentensi hiyo mara mbili. Baba anamlipiaje binti yake mwenyewe mahari?

Kilichotolewa ni mali, aghalabu fedha taslimu, ambayo upande wa mwanamke ulimkabidhi mume kwa ajili ya ndoa. Kiingereza cha leo kinaiita 'dowry'. Maana ni hiyo tu.

Tatizo ni kwamba kwetu, hasa Kenya, neno hilohilo hutumika watu wakizungumza Kiingereza kutaja ng'ombe na fedha ambazo upande wa mume hupeleka ukweni. Mfasiri aliyelizoea hivyo akiliona 'dowry' anaandika mahari bila kusita. Lakini mahari, kutoka Kiarabu 'mahr', hutoka kwa mume. Katika sheria ya Kiislamu ni haki ya mke mwenyewe, na sehemu yake inaweza kuahirishwa ikabaki deni shingoni mwa mume hadi talaka au kifo. Katika jamii nyingi za bara hupokelewa na wazazi. Mpokeaji hubadilika, mtoaji habadiliki.

Na Waingereza wenyewe walilitatiza neno lao. 'Dowry' ina pacha, 'dower', na yote mawili yamepitia Kifaransa cha zamani kutoka shina moja la Kilatini, 'dos'. Warumi walipotaja 'dos' walikusudia mali anayokuja nayo mke. Uingereza ya karne ya 12, 'dos' ilikuwa kile ambacho mume humpa mkewe mlangoni mwa kanisa, na wanasheria wa wakati huo walilazimika kueleza kwamba Warumi walimaanisha kitu kingine. Hata kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha 1549 kinamtaka bwana harusi atamke kwamba anampa mkewe mali zake zote za dunia, na kitenzi anachotamka, 'endow', ni cha shina hilohilo. Anayetoa hapo ni mume.

Basi ukitafuta mahari katika nyumba za wafanyabiashara wa Tudor, itafute upande huo. Mjane alikuwa na haki, ndiyo ile 'dower', ya kutumia theluthi ya ardhi ya marehemu mumewe maisha yake yote. Au, kabla ya ndoa, mume aliandikiana na wakwe pato fulani la ardhi litakalomtunza mke akifiwa. Kwa sheria ya 1536, aliyewekewa pato hilo hakudai tena ile theluthi. Ahadi ya mume, iliyowekwa kabla ya ndoa, inayolipwa akifa: kwa mtu anayejua mahari ya kuahirishwa, huyu ni ndugu yake wa karibu, ingawa si kitu kilekile. Mali ya baba wa binti haimo humo.

Mali ya baba ilikuwa na kazi nyingine. Kijana wa London alimaliza uanagenzi akiwa na miaka 24 au zaidi, ana haki ya kufanya biashara lakini hana mtaji. Fedha alizokuja nazo mke zilikuwa mali ya mume kisheria, nazo ziliweza kuingia moja kwa moja kwenye shehena ya nguo au sufu. Pamoja nazo walikuja wakwe, mashemeji na wanyumba, watu wa kumdhamini na kumkopesha. John Johnson, mfanyabiashara wa sufu wa Calais, bandari ya Ufaransa iliyokuwa wakati huo mikononi mwa Uingereza, alimwoa Sabine Saunders, mpwa wa Anthony Cave, tajiri aliyemfundisha kazi. Thomas Gresham, mjenzi wa Royal Exchange, soko la wafanyabiashara la London, alimwoa mwaka 1544 Anne Ferneley, mjane wa mfanyabiashara mwenzake. Dada yake Anne alikuwa ameolewa na Nicholas Bacon, ambaye baadaye alikuwa mtunza muhuri mkuu wa Malkia Elizabeth.

Wafanyabiashara hao waliiita mali ya binti 'portion', yaani fungu, na hawakuchagua neno vibaya. Kwa desturi ya London, mali inayohamishika ya marehemu iligawanywa mara tatu: theluthi ya mjane, theluthi ya watoto, na theluthi ya kuusia apendavyo. Binti aliyekwisha kupewa fungu lake kamili alipoolewa hakurudi kudai katika theluthi ya watoto, kwa kuwa alikuwa ameshachukua chake. Ilikuwa mirathi iliyotangulia kifo, na sisi tayari tunasema mafungu ya mirathi.

Kwa hiyo ile sentensi, kama mfasiri ataniwia radhi, ningeiandika hivi: mfanyabiashara wa London alimpa binti yake fungu kubwa, naye akaolewa na mtu wa heshima.