Broncho Billy: steringi aliyekufa na kurudi wiki iliyofuata

Kwenye vibanda vya video kila mtoto anajua kanuni: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, adui atamcheka, lakini mwisho wa picha lazima asimame. Sasa mchukue Broncho Billy, anayehesabiwa kuwa steringi wa kwanza wa picha za kauboi, uone kanuni hiyo inavyovunjika. Wiki hii kapigwa risasi na kufa, wiki ijayo ni sherifu, wiki ya tatu ni mwizi wa ng'ombe anayetubu na kuoa. Hakuna anayeeleza kafufukaje. Wanaoanza kuzitazama filamu hizi hudhani wameruka kitu, wakaenda kutafuta "sehemu ya kwanza". Haipo. Zichukue kama visa vya Abunuwasi: jina ni lile lile, tabia inajulikana, kisa kinaanza upya.

Jina alilozaliwa nalo mwigizaji wa Broncho Billy ni Maxwell Henry Aronson, mtoto wa familia ya Kiyahudi, Little Rock, Arkansas, 21 Machi 1880. Si mchunga ng'ombe. Alikwenda New York kutafuta kazi ya jukwaani, akajiita Gilbert M. Anderson, na mwaka 1903 akaingia kwenye The Great Train Robbery, filamu ya Edwin S. Porter wa kampuni ya Edison. Hiyo "Magharibi" ya makauboi yenyewe ilipigwa picha New Jersey, mashariki kabisa mwa Marekani. Husimuliwa kwamba Anderson aliwahakikishia kuwa kupanda farasi anajua, kisha farasi akamuumbua.

Ukitaka kumwona humo, usimtafute kwa sura. Kamera imekaa mbali na nyuso hazisomeki. Tafuta tukio. Abiria wameshushwa kwenye treni, wamepangwa mstari, mikono juu, wanapekuliwa. Mmoja anachomoka mbio kuijia kamera, anapigwa risasi, anaanguka. Ndiye. Baadaye, kwenye ukumbi wa dansi, kuna mgeni wa mjini anayechezeshwa kwa risasi zinazopigwa karibu na miguu yake: ni yeye tena. Na ni mmoja wa majambazi vilevile. Ila yule mwenye masharubu anayeielekezea kamera bastola na kufyatua si yeye, ni Justus D. Barnes. Kosa hili nalikuta kila mara. Kipande hicho mwonyeshaji aliruhusiwa kukiweka mwanzoni au mwishoni, kwa hiyo nakala mbili zikitofautiana hapo, hakuna iliyoharibika.

Kinachoharibu utazamaji ni kasi. Filamu ya milimita 35 ina fremu, yaani picha moja moja, 16 katika kila futi. Mpiga picha alizungusha mkono wa kamera kama mara mbili kwa sekunde, na kila mzunguko ulivuta fremu 8. Kwa hiyo sekunde moja ni fremu 16, yaani futi moja. Hesabu yake ni nyepesi: filamu hii ina futi 740, basi ni sekunde 740, dakika 12 na kidogo. Nakala yako ikiisha kwa dakika 8, imeendeshwa kwa fremu 24, kasi iliyokuja na filamu za sauti, na ndiyo maana watu wanakimbia kama siafu waliomwagiwa maji. Punguza kasi ya kichezeshi hadi 0.75, utapata fremu 18, zinatosha. Lakini usiamini namba pekee, kwa sababu mkono wa binadamu huchoka na huharakisha. Tazama mtu anayetembea bila haraka. Akionekana anatembea kama mtu, umefika.

Mwaka 1907, Chicago, Anderson na George K. Spoor walianzisha kampuni ya filamu, Essanay. Jina ni herufi S na A zikitamkwa kwa Kiingereza. Spoor alikaa na vitabu vya hesabu, Anderson akabeba kamera kuelekea magharibi, na mwaka 1912 akatua Niles, California. Penye korongo la hapo palikuwa na jua, vilima, kijito na reli, vyote karibu karibu. Kwa kampuni inayotoa filamu kila wiki, kusafiri ni hasara.

Jua lilihitajika hata ndani ya nyumba. Zama hizo "chumba" mara nyingi kilikuwa kuta tatu zilizosimamishwa nje bila paa, juu kumetandwa kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga. Ukiona pazia au kitambaa cha meza kinapepea na dirisha limefungwa, ni upepo wa uwanjani. Na mbingu zile nyeupe tupu, zisizo na wingu? Filamu ya wakati huo iliidaka sana bluu na haikuiona nyekundu. Anga likatoka jeupe, leso nyekundu shingoni ikatoka nyeusi.

Kisa kizima kilipaswa kuenea kwenye rili moja, yaani gurudumu moja la filamu, futi 1,000, kama robo saa. Hapo ndipo ufundi wa Anderson ulipo, kwa maoni yangu, kuliko kwenye uigizaji wake, ambao ni mzito kidogo. Hana nafasi ya kueleza utoto wa jambazi. Anampa uamuzi mmoja tu. Katika Broncho Billy's Redemption ya 1910, mhalifu anawakuta binti na baba yake wana homa kali. Anawapeleka mjini, akijua mjini ndiko atakakokamatwa. Basi. Ukielewa kisa hicho umeelewa visa vingi vilivyofuata.

Rili hiyo moja ndiyo iliyomponza. Kufikia 1914 watazamaji walikuwa wanazoea filamu za rili tano, na William S. Hart akaja na kauboi mkavu zaidi, mwenye vumbi la kweli. Anderson na Spoor nao hawakuelewana. Mwishoni mwa 1914 Anderson alimvuta mchekeshaji Charlie Chaplin kwa dola 1,250 kwa wiki na dola 10,000 za kusaini. Spoor, aliyekuwa hamjui Chaplin vizuri, akazikwepa zile elfu kumi. Mapema 1915 Chaplin alipiga filamu tano Niles, ikiwemo The Tramp. (Katika The Champion, Anderson mwenyewe yumo kati ya watazamaji wa ngumi.) Mwaka 1916 Chaplin aliondoka, studio ya Niles ikafungwa, Anderson akamuuzia Spoor hisa zake.

Baadaye alitengeneza vichekesho vya mwigizaji Stan Laurel, kisha akapotea machoni pa watu. Oscar ya heshima alipewa 1958, akiwa na miaka 78. Mwaka 1965 alionekana kidogo katika The Bounty Killer, filamu ya kauboi, safari hii yenye sauti. Alifariki California, 20 Januari 1971.