Lastiki ya zamani si kipimo

"Toa lastiki ya zamani, ilaze kando ya mpya, kata sawasawa." Ushauri huu kwa wanaobadilisha lastiki ya mdoli wa rezini (plastiki ngumu) wa viungo vya gololi, ambaye sehemu zake za mwili hushikwa pamoja na lastiki iliyo ndani, umesambaa mno, na matokeo yake ni yaleyale kila mara: kichwa kinachezacheza, magoti hayashiki, mdoli anaporomoka ukimsimamisha.

Lastiki iliyovutwa ndani ya mdoli kwa miaka, tena katika joto la Dar, hairudi kwenye urefu wake wa mwanzo. Nyuzi za mpira zimechoka, nyingine zimekatika ndani kwa ndani, ila kitambaa cha nje ni kizima, kwa hiyo unaiona nzima. Ukiikata mpya kwa urefu ule, umenakili ulegevu.

Pima mdoli mwenyewe. Unganisha viungo vyote bila lastiki, nyoosha mguu, pima kutoka ukingo wa shingo hadi ndoano ya kifundo cha mguu. Kitanzi cha miguu ni kimoja: katikati kinaning'inia kwenye ndoano ya kichwa, pande mbili zinashuka miguuni. Kila mguu unapitiwa na kamba mbili, kiwiliwili kinapitiwa na nne. Kwa hiyo zidisha kwa 4. Njia hiyo, yaani umbali uliopima, ikiwa sentimita 45, jumla ni 180. Mikono ni rahisi: ndoano ya kiganja hadi ndoano ya kiganja kupitia kifuani, zidisha kwa 2.

Huo ni urefu wa njia, bado si urefu wa lastiki. Na hapa naomba tuelewane, maana watu wanapotoshana kila siku: kupunguza robo na kuvuta kwa robo ni vitu viwili tofauti. Toa robo kwenye 180, unabaki na 135. Lastiki ya 135 ikifika 180 imevutika kwa theluthi nzima ya urefu wake. Ukitaka ivutike kwa robo tu, unahitaji 144. Hizo sentimita 9 kwa mdoli wa sentimita 60 zinaonekana wazi kwenye magoti. Mimi huanzia 135, lakini ni pa kuanzia tu. Asilimia inayofaa kila lastiki haipo, na anayekupa namba moja bila kuuliza unene anakupoteza. Lastiki ya milimita 4 ina ujazo wa mpira karibu mara 1.8 ya milimita 3, hivyo inavuta kwa nguvu zaidi hata ikinyooka kwa kiasi kilekile. Ukibadilisha unene, rudia majaribio ya urefu.

Kwa saizi hiyo, milimita 4 miguuni na 3 mikononi. Iwe ya mviringo. Ile bapa ya kiuno cha sketi inajisokota kwenye viungo. Ukiwa Kariakoo, shika sentimita 10, vuta hadi 20, achia. Isiporudi 10, usiinunue.

Ongeza sentimita 5 kila ncha za kufungia. Funga fundo la muda, likae kwenye kiwiliwili karibu na shingo ili ulifikie bila kuvua miguu. Ukivuta kitanzi juu, pitisha penseli chini yake ilale juu ya tundu la shingo, kisiponyoke wakati unahangaika na ndoano. Mikia ya fundo usiikate kwa wiki nzima: lastiki mpya hulegea kidogo siku za mwanzo, na huenda ukakaza tena.

Mguu ukirusha teke, yaani ukiruka ghafla wenyewe, usikimbilie kukaza. Teke hutokea lastiki inapoteleza kutoka katikati ya kiungo, na kukaza kunaongeza nguvu ya teke, tena kunamega kingo za rezini. Bandika kipande chembamba cha ngozi ya swedi ndani ya tundu la kiungo ili gololi isiteleze. Lastiki iliyokaa sawa inaacha mkono ulioinuliwa ubaki juu, na ukivuta kiganja kwa vidole viwili kinaachana na kiungo bila kukung'ang'ania.

Na nawa mikono kwanza. Mafuta ya nazi kwenye vidole yanavimbisha mpira na kuuozesha.