Pontiac GTO ya Mwaka 2004 Haikuwa Jina Tupu

Wapenzi wengi wa magari ya Marekani yenye injini kubwa wameshikilia kwa miaka mingi kwamba Pontiac GTO iliyouzwa kuanzia mwaka 2004 hadi 2006 ilikuwa gari la kigeni lililobandikwa jina maarufu, lisilo na nasaba yoyote na GTO ya mwaka 1964. Sehemu ya dai hilo ni kweli, kwani gari hilo lilikuwa Holden Monaro, lililoundwa Elizabeth, Australia Kusini, kisha likasafirishwa hadi Marekani.

Hata hivyo, tangu mwaka 1931 kampuni ya Holden ilikuwa mali ya General Motors, iliyomiliki pia Pontiac na Chevrolet, na injini ya GTO hiyo, V8 (yenye silinda nane) ya lita 5.7, ilitoka katika familia ileile iliyotumika kwenye Chevrolet Corvette. Mwaka 2005 nafasi yake ilichukuliwa na ya lita 6.0 yenye nguvu farasi 400. Monaro ya kwanza kabisa, ya mwaka 1968, nayo iliweza kununuliwa ikiwa na injini ya Chevrolet.

Linalosahaulika zaidi ni kwamba hata jina lenyewe halikuzaliwa Pontiac. Liliazimwa kutoka Ferrari 250 GTO, na mwaka 1964 lilitaja tu seti ya vifaa vya ziada ambayo mnunuzi wa Pontiac Tempest LeMans aliilipia. Lawama ninayoiona kuwa ya haki ni ya umbo: lilikuwa la kiasi mno, na aliyeipenda GTO ya zamani hakupata humo cha kumkumbusha.