Kwa Nini Namtazama Ndege Yuleyule Tena na Tena

Watu wakijua kwamba kazi yangu ni kuchunguza ndege, na kwamba hata siku ya mapumziko nawafuata haohao, huuliza: umeshaona aina ngapi? Wanataka idadi. Duniani kuna spishi za ndege zipatazo 11,000, na wapo watazamaji ambao raha yao yote ni kuikaribia idadi hiyo. Siwalaumu. Orodha ina utamu wake, na humtoa mtu kitandani mapema. Ila raha yangu mimi iko kwa ndege wa kawaida, yule anayepita mbele ya watu kila siku na hakuna anayegeuza shingo. Ndege adimu unamwona kwa dakika chache, ukaondoka na jina lake tu. Wa kawaida unaweza kukaa naye hadi uanze kuelewa anafanya nini.

Chukua shomoro. Anayetupa jicho mara moja ataona kundi la ndege wadogo wa kahawia wanaopiga kelele. Kaa nusu saa. Utaona dume mwenye baka jeusi kifuani akiwasukuma wengine pembeni, na utaona nani humpisha nani. Utaona wakijichimbia vishimo kwenye vumbi kavu na kulirusha juu ya mabawa yao, kuoga kwa vumbi huko, kunakosaidia kupunguza mafuta yaliyozidi kwenye manyoya. Utaona kinda aliyekwisha kuwa mkubwa kama mama yake bado akitetemesha mabawa ili alishwe, na mama anaanza kumpa kisogo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachokuja kwa anayepita haraka akitafuta aina mpya.

Vifaa nitavipitia upesi, maana watu huvipa uzito kupita kiasi. Darubini iliyoandikwa 8x42 hukuza mara nane, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 42. Ukigawanya 42 kwa 8 unapata upana wa mwali wa mwanga unaofika jichoni, zaidi kidogo ya milimita tano. Inatosha kabisa, hata alfajiri. Darubini inayokuza mara kumi na mbili hukuza pia mtetemo wa mikono yako. Na unapomwona ndege, usiinamishe macho kuitafuta darubini. Mkazie macho palepale alipo, kisha iinue darubini hadi ikutane na macho yako. Wanaoanza wakilishika hilo, malalamiko yao mengi huisha siku hiyohiyo.

Kamera, kwa maoni yangu, ingoje. Mwenye kamera hutazama picha yake wakati ndege bado yuko pale.

Sehemu tamu kuliko zote ni masikio. Ndege hatoi sauti kama tunavyotoa sisi. Kiungo chake cha sauti kiko chini kabisa ya koo la hewa, pale linapogawanyika kuelekea mapafu mawili, na pande zake mbili zinaweza kufanya kazi kila mmoja kivyake. Ndiyo sababu baadhi ya ndege huimba noti mbili kwa wakati mmoja. Lakini nyimbo ni mwanzo tu. Kwangu mimi starehe ilianza kunoga nilipoacha kusikiliza nyimbo peke yake na kutega sikio kwa milio ya hatari.

Kuna aina mbili ambazo ukizijua hutatembea tena kama zamani. Kipanga akipita angani, ndege wengi wadogo hutoa mlio mwembamba wa juu sana, unaoingia taratibu na kutoweka taratibu. Ni vigumu kujua umetoka wapi, na faida yake ni hiyohiyo: mwenye kuutoa anawaonya wenzake bila kujianika. Adui aliyetulia, mathalani bundi anayelala mchana kwenye tawi, hupokewa vingine. Huyo hupigiwa mlio wa kukwaruza, mfupi, unaorudiwarudiwa, na kila mwenye masikio anajua unatoka wapi. Mtafiti wa sauti za ndege, Peter Marler, alieleza tofauti hiyo mwaka 1955, na akaonyesha kwamba umbo la kila mlio linaendana na kazi yake. Mlio wa kwanza unasema jificheni. Wa pili unasema njooni tumfukuze, nao huja kweli, tena wa aina mbalimbali, wengine wadogo kuliko kichwa cha huyo bundi. Bundi wengi niliowaona mchana sikuwatafuta. Nilifuata makelele.

Na penye tahadhari hapakosi mwongo. Huko Kalahari, kusini mwa Afrika, mtafiti Tom Flower na wenzake walichunguza mlamba, ndege mweusi mwenye mkia uliogawanyika, ambaye huwafuata wanyama wa jamii ya nguchiro wanapochimbua wadudu. Mara nyingi anapoona hatari huwaonya kwa haki, wakamzoea. Kisha siku mmoja wao akipata windo nono, mlamba hupiga mlio wa hatari isiyokuwepo, wanyama hao wanakimbilia mashimoni, naye anashuka kuchukua chakula. Akiona mlio mmoja umeanza kupuuzwa, hubadilisha na kuiga mlio wa spishi nyingine. Utafiti huo ulitolewa mwaka 2014, na tangu nilipousoma simtazami mlamba bila kumshuku.

Kutazama sana humfanya pia ndege mmoja awe yeye, si mfano wa spishi yake. Ndege wengi hubadilisha manyoya angalau mara moja kwa mwaka, na wengi wa wanaoruka hubadilisha ya mabawa kidogokidogo. Mwewe mwenye pengo kwenye bawa la kushoto leo, kesho utamtambua kwa pengo hilohilo, mpaka unyoya mpya ukue. Kwa wiki kadhaa unaweza kujua anawinda wapi na anafukuzwa na nani.

Halafu kuna ndege wanaotoweka. Mbayuwayu leo wamejaa, juma lijalo hakuna. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alidhani baadhi yao hujificha kwenye mashimo wakati wa baridi. Mwaka 1822 huko Ujerumani alipatikana korongo aliyechomwa shingoni na mkuki wa Afrika na bado alikuwa ameruka hadi Ulaya. Mwili wake uliokaushwa umehifadhiwa katika mji wa Rostock hadi leo. Mwaka 1899 Mdenmaki Hans Christian Mortensen alianza kuwavisha kwezi pete za alumini zenye namba. Siku hizi ndege hubebeshwa vipitishi vidogo vinavyosomwa na setilaiti, na mwaka 2022 kinda mmoja wa spishi ya Limosa lapponica, ndege wa matopeni, mwenye umri wa miezi mitano hivi, aliruka kutoka Alaska, Marekani, hadi Tasmania, Australia, kilomita zipatazo 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Sasa mtazame ndege wa matopeni akichokora funza, mnyonge wa rangi, asiye na la kujivunia. Huenda juzi alikuwa juu ya bahari.

Kuna sababu nyingine ya kumjali wa kawaida. Njiwa msafiri wa Amerika Kaskazini alikuwa na idadi ya mabilioni. Wa mwisho, aliyeitwa Martha, alifia katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Mwaka 2019 watafiti walikadiria kwamba Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni tatu tangu 1970, na sehemu kubwa ya pengo hilo ni la spishi za kawaida. Hilo halikujulikana kupitia wanaosaka ndege adimu. Lilijulikana kupitia watu wa kujitolea waliokubali kuhesabu shomoro mwaka baada ya mwaka. Hesabu ya ndege ya msimu wa Krismasi iliyoanzishwa na Frank Chapman mwaka 1900 inaendelea hadi sasa, na kwenye eBird, hifadhi ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege iliyoanza mwaka 2002, yeyote mahali popote anaweza kuingiza alichoona.

Kwa hiyo beba daftari. Andika tarehe, saa uliyoanza na uliyomaliza, hali ya hewa, kila aina uliyoiona na idadi yake, hata kunguru. Usiwachezee sauti zilizorekodiwa ili wajitokeze. Dume anayedhani mpinzani ameingia eneo lake huacha kula, na huacha pia kulinda kiota. Na saa uliyotazama usione chochote, iandike pia. Katika hesabu, sifuri iliyoandikwa ni taarifa. Ukurasa mtupu haumwambii mtafiti kitu.